Mandhari ya zamani ya rangi za maji kutoka Ufaransa: kagua karatasi kwanza, sahihi baadaye

Ukiishi Ufaransa, au hata ukipita tu wakati wa kiangazi, utakutana na vide-grenier: Jumapili ambayo mtaa mzima unatoa vitu vya darini na kuvitandaza barabarani. Kati ya sahani, vitabu na taa mbovu hazikosi picha ndogo za mandhari zilizochorwa kwa rangi za maji. Mto, mipopla miwili mitatu, mbingu iliyofifia, fremu ya dhahabu iliyomeguka pembe. Kwenye kona pana sahihi inayosomeka nusu, na mwenye meza ataielekezea kidole akisema, "C'est signé, monsieur." Imesainiwa, basi, lipa.

Usilipe bado. Katika karne ya 19 Ufaransa ilikuwa na wachoraji wa mikoani wengi ajabu, na zaidi yao walikuwepo wasiokuwa wachoraji kabisa: watoto wa familia zenye nafasi waliofundishwa rangi za maji pamoja na kinanda, walimu wa shule, maofisa wa jeshi. Wote walichora mito na miti, na wengi walinakili kazi za wakubwa ili wajifunze. Kunakili hakukuwa wizi. Wizi ulikuja baadaye, pale mtu mwingine alipoichukua ile nakala isiyo na jina na kuiandikia jina.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na mwenye meza. Tunaanza na karatasi, tunapita mgongoni, tunatafuta mahali palipochorwa, na sahihi tunaifikia tukiwa tayari tuna habari za kuipima. Mifano yangu itakuwa wachoraji wawili. Wa kwanza ni Henri Harpignies, mzaliwa wa Valenciennes mwaka 1819, ambaye picha zake nyingi ni za katikati ya nchi: kijiji cha Hérisson mkoani Allier, kando ya mto Aumance, na baadaye Saint-Privé katika Yonne, alikofariki 1916 akiwa na miaka 97. Mwandishi Anatole France alimwita Michelangelo wa miti. Wa pili ni François-Auguste Ravier wa Lyon (1814–1895), aliyehamia Morestel huko Isère na kuchora madimbwi na machweo ya eneo hilo hilo miaka nenda rudi. Wote wawili walikuwa na urafiki na Corot, mchoraji mashuhuri wa mandhari. Harpignies alipata sifa Paris hadi nishani ya heshima ya Salon, maonyesho makuu ya sanaa ya huko, mwaka 1897. Ravier hakutegemea picha kwa chakula, wala hakujishughulisha sana na maonyesho.

Vya kubeba

Kioo cha kukuza mara 10, kile cha sonara. Tochi ndogo. Taa ya kukagulia noti bandia, ile ya mwanga wa zambarau iliyoko kwa kila mbadilisha fedha. Rula, penseli laini, simu ya kupigia picha. Kalamu ya wino iache mfukoni kabisa unaposhika karatasi ya zamani. Glavu za pamba mimi sizitaki: zinakunyima hisia ya vidole na zinakwaruza kingo za karatasi. Nawa mikono, ikaushe vizuri, inatosha.

Na jambo moja ambalo halimo kwenye mkoba: anza na "Bonjour". Mfaransa ukimshikia kitu chake kabla ya salamu, bei imeshapanda.

Hatua ya 1: Imechorwa au imechapwa?

Hapa ndipo wengi hulizwa. Sogeza kioo cha kukuza karibu na mbingu, sehemu yenye rangi nyepesi. Ukiona nukta zimejipanga kwa safu kama matundu ya chandarua, hiyo ni picha ya kuchapwa kiwandani, irudishe mezani. Ukiona vidoa vidogo visivyo na mpangilio, rangi juu ya rangi, huenda ni kromolitografia, picha ya rangi iliyochapwa kwa mawe, ya karne ya 19: ya zamani kweli, lakini ni chapa. Ngumu kuliko zote ni fototipia, aina nyingine ya chapa ya zamani, kwa sababu haina safu za nukta. Ukiitazama kwa makini utaona vijikunjo vidogo mno vimeenea kila mahali, hata pale ambapo brashi ingepita mara moja tu.

Iliyochorwa kwa mkono ina dalili zake. Rangi hutuama kwenye vishimo vya karatasi na kuacha vilima vyeupe. Kila doa la rangi lililokauka lina mstari mwembamba uliokolea ukingoni, kwa kuwa maji yakikauka husukuma chembe za rangi pembeni. Chini ya rangi mara nyingi kuna penseli: inamisha picha kwenye mwanga, mistari ya penseli itang'aa kijivu chini ya kijani cha majani. Weupe wa mawingu nao uchunguze. Katika uchoraji wa zamani wa rangi nyepesi, mweupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Wakati mwingine mchoraji alikwangua kwa ncha ya kisu kupata mmeto wa maji mtoni, na hapo kwenye kioo utaona nyuzi za karatasi zimeinuka. Hakuna mashine ya kuchapa inayoinua nyuzi.

Hatua ya 2: Itoe kwenye fremu

Sokoni omba ruhusa; ukinyimwa, bei unayotoa iwe ya fremu tu. Nyumbani, ilaze kifudifudi juu ya taulo, ng'oa vimisumari taratibu kwa koleo, huku mkono mmoja ukishikilia kioo. Kabla ya kuinua chochote, piga picha mpangilio wa mgongoni jinsi ulivyo. Karatasi ikiwa imegandamana na kioo, simama hapo hapo. Usivute, usipitishe kisu, usipulizie mvuke. Kazi hiyo ni ya fundi wa kuhifadhi karatasi, kwa sababu rangi za maji zimeshikiliwa na gundi ya mgunga, na gundi hiyo huyeyuka ikikutana na maji hata baada ya miaka 150.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa kaa sana. Shika karatasi dhidi ya dirisha au weka tochi nyuma yake. Karatasi za aina moja zina mistari ya sambamba iliyobana, inayokatwa na mingine iliyoachana kwa nafasi kubwa. Nyingine ni laini bila mistari. Zote zilitumika, na wachoraji wa rangi za maji walipenda zaidi zile nene zisizo na mistari. Unachotafuta ni alama ya maji, ile ile aina ya alama unayoiona ukiinua noti juani.

Majina utakayokutana nayo ni machache. CANSON & MONTGOLFIER pamoja na VIDALON-LES-ANNONAY ni karatasi ya Ardèche, kutoka kiwanda cha ukoo ule ule wa ndugu wawili waliorusha puto la hewa moto mwaka 1783. ARCHES ni ya milima ya Vosges, kiwanda kilichoanza 1492. J WHATMAN ni ya Kiingereza, na isikushangaze kuiona chini ya mto wa Kifaransa. Wachoraji wa Ulaya nzima waliinunua, na wakati mwingine alama yake ina mwaka. Tena Whatman iliigwa sana, basi jina pekee lisikulevye.

Alama ya maji inakupa mwaka ambao picha haiwezi kuutangulia. Haikupi mwaka wa mwisho. Karatasi ya 1860 inaweza kuchorwa 1890 na mchoraji mwenye akiba, au mwaka jana na tapeli aliyechana kurasa tupu za daftari kuukuu. Alama isipokuwepo usikate tamaa: karatasi kubwa ilikatwa vipande vinne au vinane, na alama ilibaki kwenye kipande kimoja tu.

Sasa zima taa za chumba na uwashe ile ya noti. Watengenezaji wa karatasi walianza kutia dawa za kung'arisha weupe karibu na 1950, na dawa hizo hutoa mwanga mkali wa samawati-nyeupe. Karatasi ya kweli ya karne ya 19 hubaki imefifia, ya manjano kidogo. Ikiwaka kama shati jipya disko, maliza kazi hapo, sahihi isome vyovyote. Angalia tu kwamba kinachowaka ni karatasi ya picha yenyewe, maana kadibodi ya nyuma iliyowekwa juzi nayo huwaka.

Mwisho, kingo. Matundu madogo ya uzi au ukingo mmoja uliochanika yanaonyesha ukurasa uliotoka kwenye daftari la michoro, lile ambalo mchoraji alibeba shambani. Mimi ukurasa wa namna hiyo huupa uzito. Anayenakili sebuleni hutumia karatasi nzuri iliyokatwa sawasawa.

Hatua ya 4: Mgongo

Soma kila kitu: penseli, chaki, vibandiko, hata gazeti ambalo fundi wa fremu alilitumia kuziba vumbi, kwani gazeti lina tarehe. Kibandiko cha duka la fremu hutoa siri zake kwa anwani. Kikiwa na msimbo wa posta wa tarakimu tano, kiliandikwa baada ya 1972. Majina ya mikoa nayo yalibadilika: Seine-Inférieure iliitwa Seine-Maritime kuanzia 1955, Loire-Inférieure ikawa Loire-Atlantique 1957, Basses-Alpes ikawa Alpes-de-Haute-Provence 1970. Jina la zamani halithibitishi mchoraji, ila linakuambia kibandiko ni cha kabla ya lini.

Kumbuka fremu na picha si lazima ziwe zimezeeka pamoja. Fremu za zamani huuzwa tupu, na picha yoyote inaingia.

Hatua ya 5: Ni wapi hapa?

Hatua hii huachwa na wengi, na ndiyo ninayoipenda. Wachoraji wa mikoani walirudi mahali pamoja tena na tena, kwa hiyo mahali ni nusu ya jina. Tafuta kitu kisichohama: umbo la kilima, mnara wa kanisa, magofu, daraja. Hérisson ina magofu ya ngome juu ya mto, na ukishayaona mara moja hutayasahau. Postikadi za kati ya 1900 na 1914 ni msaada mkubwa, kwa sababu karibu kila kijiji cha Ufaransa kilipigwa picha, na hifadhi nyingi za nyaraka za mikoa zimeziweka mtandaoni bure.

Majengo pia hutoa tarehe. Ukiona bonde la Truyère lenye lile daraja la chuma la Garabit lililojengwa na kampuni ya Eiffel, picha haiwezi kuwa ya kabla ya miaka ya 1880. Kinyume chake, mandhari isiyo na daraja haithibitishi kitu: mchoraji aliyechukia reli aliweza kuifuta kwa brashi yake.

Hatua ya 6: Sasa sahihi

Weka kioo cha kukuza juu ya kona na usisome jina kwanza. Tazama mstari. Sahihi iliyoandikwa siku ile ile picha ilipochorwa hukaa juu ya karatasi yenye nguvu, kingo zake safi, na rangi yake mara nyingi ni ile ile iliyotumika kwenye vivuli vya miti. Karatasi ikizeeka, jeletini inayozuia wino kusambaa hudhoofika. Anayeandika leo juu ya karatasi ya 1870 ataona wino unatambaa, mstari unaota vinyweleo. Kisha angalia mstari unapokutana na doa la kahawia au mkwaruzo. Sahihi ikipita juu ya mkwaruzo na kuingia ndani ya mfereji wake, mkwaruzo ulitangulia.

Tazama pia ilipokaa. Kadibodi yenye dirisha inayozunguka picha huzuia jua, na chini yake rangi hubaki mbichi wakati sehemu iliyo wazi inafifia. Picha iliyofifia yenye sahihi iliyokolea, iliyobanwa ndani tu ya mpaka wa dirisha kana kwamba ilikuwa inaogopa kufunikwa, hiyo niwekee mbali.

Baada ya hapo ndipo usome. Harpignies alikuwa na desturi ya kusaini chini na kuongeza mwaka, jambo linalosaidia: mwaka wake lazima upatane na karatasi, mahali na umri wake. Mwaka ukigongana na kimojawapo, sahihi ndiyo inayoshindwa, si karatasi.

Mahali pa sahihi wakati mwingine utakuta muhuri. Mchoraji akifariki, warithi waliuza kilichobaki kwenye chumba chake cha kazi na kugonga kila karatasi muhuri wa mnada ule. Mholanzi Frits Lugt alikusanya mihuri hii katika kitabu cha 1921, akaongeza cha pili 1956, na taasisi ya Fondation Custodia ya Paris imeviweka vyote viwili mtandaoni bila malipo. Kila muhuri una namba inayoanza na herufi L. Pima muhuri wako kwa rula, kwa sababu bandia nyingi hukosea kwa milimita. Na hata ukiwa halali, muhuri unasema tu karatasi ilitoka kwenye chumba kile. Wanafunzi na marafiki nao waliacha karatasi zao humo.

Hatua ya 7: Linganisha

Usilinganishe na picha za matangazo ya mauzo, linganisha na za makumbusho. Hifadhidata ya Joconde, iliyo ndani ya jukwaa la POP la wizara ya utamaduni ya Ufaransa, ni ya bure na inatafutika kwa jina la mchoraji au mahali. Kwa Ravier anza na makumbusho ya sanaa ya Lyon. Morestel kwenyewe kuna Maison Ravier, nyumba aliyoishi, leo ni mahali pa maonyesho.

Unalinganisha mkono, si mada. Miti ya Harpignies ina mifupa: shina linajulikana linakoelekea, matawi yana uzito, na kati ya majani kuna mapengo ya mwanga yaliyoachwa kwa makusudi. Aliyemnakili hupaka majani kwa vidoto vinavyolingana, kisha shina linachomekwa chini baadaye. Ravier ni mtu mwingine kabisa. Rangi zake zimelowa, chungwa na zambarau zinaingiliana mbinguni, na miti ni kivuli kilichosimama mbele ya moto. Ukiletewa "Ravier" safi, nadhifu, yenye kila jani mahali pake, shukuru na upite.

Hatua ya 8: Lugha ya mnada

Ukiridhika, au ukitaka kununua mnadani badala ya sokoni, jifunze maneno haya ya Kifaransa, kwani yana nguvu ya kisheria tangu amri ya tarehe 3 Machi 1981. Jina la mchoraji likitajwa peke yake, muuzaji anadhamini kwamba ndiye aliyechora. "Attribué à" maana yake kazi ni ya wakati wake na kuna sababu nzito za kumdhania yeye. "École de" ikifuatwa na jina ni kazi ya mwanafunzi wake, iliyochorwa enzi za uhai wake au ndani ya miaka 50 baada ya kifo chake. "D'après", "dans le goût de", "manière de", "genre de": hakuna dhamana yoyote. Na ukisoma "porte une signature", yaani "ina sahihi", jua dalali amekuambia kwa adabu kwamba haiamini.

Nyumba nyingi za mnada hukadiria bei bila malipo, hata kwa picha zilizotumwa kwa barua pepe. Tuma picha ya mbele, ya mgongo, ya sahihi na ya alama ya maji. Ukinunua, kumbuka ada ya mnunuzi inayoongezwa juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotangazwa mnadani. Mara nyingi inazidi asilimia 20. Rangi za maji za Harpignies kwa kawaida huuzwa kwa mamia hadi maelfu machache ya euro, kwa hiyo anayekuuzia ya uhakika kwa euro 40 ama hajui alichonacho ama anakijua vizuri mno. Mimi hudhani hilo la pili.

Na picha isiyo ya mtu maarufu isidharauliwe. Kazi nzuri ya mwalimu wa kijiji asiyejulikana, kwa bei ya chakula cha mchana, ni bora ukutani kuliko Harpignies wa uongo.

Hatua ya 9: Kuitunza

Usiisafishe. Usiifute kwa kitambaa chenye maji, usiisugue kwa mkate kama wazee walivyokuwa wakishauri, na tafadhali usiipeleke duka la vifaa vya ofisi ikatiwe laminesheni. Selotepu nayo ni sumu: gundi yake huingia ndani ya karatasi na kuacha manjano yasiyotoka. Karatasi ishikiliwe kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, nyuma yake kadibodi isiyo na asidi, na mbele yake dirisha la kadibodi kama hiyo ili kioo kisiguse rangi. Kadibodi ya kawaida ya rojo la mbao ndiyo iliyochoma ule mstari wa kahawia unaouona kuzunguka picha nyingi za zamani.

Mwanga ni adui asiyerudisha alichochukua. Makumbusho huweka rangi za maji kwenye mwanga wa takriban lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga), nusu-giza kwa macho yetu. Nyekundu za mimea na nili ndizo hufa kwanza; mbingu nyingi za waridi tunazozisifia zilikuwa za kijivu-samawati hadi nili ilipokwisha, ikabaki nyekundu ya udongo iliyochanganywa nayo. Itundike kwenye ukuta usiopigwa na jua.

Unaipeleka nyumbani Mombasa, Unguja au Dar? Kibali cha kuitoa Umoja wa Ulaya, kwa rangi za maji zenye zaidi ya miaka 50, huanza kuhitajika thamani ikizidi euro 30,000, kwa hiyo ya kwako inahitaji risiti tu. Isafirishe imelala kati ya kadibodi mbili ngumu, bila kioo, kwenye mzigo wa mkononi. Ukifika, hofu yako ni unyevu: kuvu huamka hewa ikipita asilimia 65 hadi 70, na pwani tunapita hapo muda mwingi wa mwaka. Chagua ukuta wa ndani badala ya ule unaopigwa na mvua, mbali na jiko na bafu. Bandika vipande vya koki kwenye pembe nne nyuma ya fremu ili hewa ipite. Kila baada ya masika ishushe uikague mgongo. Ukiona vumbi jeupe au vidoa vipya, itenge na vitabu na picha nyingine, iache chumba kikavu chenye hewa, na usiipanguse kabla vumbi hilo halijakauka kabisa.